Mguu wa Pili

Kufunga kalipa mpya za breki kwenye gari lake hakukumpa taabu Mzee Spana. Fundi mstaafu huyo alizing'oa za zamani kabla chai yake haijapoa: pistoni zilikuwa zimeshikwa na kutu, haziendi wala hazirudi, na pedi zimelika upande mmoja. Akafunga mpya, akakaza boliti, akaunga mipira ya mafuta. Mpaka hapo alikuwa akipiga mluzi.

Kasheshe ni kutoa hewa. Hewa ikibaki kwenye mafuta ya breki, pedeli inazama tu na gari halisimami. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja kitini anakanyaga na kushikilia, mwingine chini kwenye gurudumu anafungua skrubu hewa itoke, anaifunga, kisha anapaza sauti, "Tena!" Kwa miaka thelathini mguu wa kitini ulikuwa wa mkewe. Sasa mkewe ni marehemu, majirani wa zamani wamehama, na hao wapya anawajua kwa mageti yao tu. Kuomba msaada? Heri ameze spana.

Basi akachukua mpini wa fagio. Alikanyaga pedeli, akaukwamisha mpini kati ya pedeli hiyo na kiti, akashuka, akalala chini, akafungua, akafunga, akainuka. Mara ya saba magoti yakagoma, na pedeli bado laini. Akakaa chini kando ya gurudumu.

Simu ikaita. Alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Amepata kazi nchi ya mbali na jibu linatakiwa leo, lakini ameapa hamwachi baba peke yake. Ndiyo maana miezi mitatu mizima, kila akipiga simu, mzee amekuwa akimjazia nyumba watu wa kubuni: wacheza karata, mafundi wenzake, jirani mcheshi asiyebanduka sebuleni.

"Shikamoo, baba. Unafanya nini?"

"Marahaba, mama. Nimebadilisha kalipa, sasa natoa hewa."

"Nani anakukanyagia?"

Lo! Alisahau kwamba mtoto huyu amekulia gereji.

"Si yule jirani mcheshi ninayekusimulia!"

"Mpe simu nimshukuru."

Mzee akatazama kushoto na kulia, kana kwamba jirani angechomoza kweli. Akakohoa, akaibana pua. "Hujambo, binti! Ondoa shaka, mzee wako tunaye hapa!"

Upande wa pili kikasikika kicheko kilichochanganyika na kilio.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

Ndiyo sauti ya Fisi ambayo mzee alikuwa akimsimulia hadithi nayo kitandani, jioni zote za utoto wake. Mzee akaiachia pua.

"Baba yangu yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Na nani?"

Akautazama ule mpini ndani ya gari. "Na fagio."

"Basi siendi."

"Utakwenda. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, nami nimefika mwisho wake. Saini hiyo karatasi ya kazi." Akajifuta mafuta mikononi. Maneno yaliyobaki hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mkewe. "Lakini kabla hujaondoka, pita nyumbani unikanyagie breki. Siwezi peke yangu."