Soya Iliyoanikwa Pamoja na Kahawa

...na koroga, usiache mwiko usimame, soya ikiungua huku na kule ikabaki mbichi ni yale yale, Kemirembe akajisemea moshi ukimchoma macho, na mlangoni mama mkwe wake, Adelgunda, hajanyamaza, "Mama Ninsiima, hicho chakula cha watu, Igurwa nzima umemwona nani anawakaangia kuku?" nani, mimi, si unaniona... dagaa wenyewe wa kulishia kuku hufika huku nusu mchanga nusu uvundo, soya imeota hapo nyuma kwenye migomba, aombe ruhusa kwa nani, "jioni mwanangu Rwegasira akirudi machungani namwambia, banda lile la kuku alale ndama," banda! alilolikandika mwenyewe tumbo likiwa mbele, leo alale ndama, na hivi vifaranga vipya viende wapi, chunguni?... vile vya kwanza, ee Mungu, vilivyosinyaa manyoya yamesimama, vinahara, kila asubuhi anaokota, anafukia kwenye mgomba kabla watu hawajaamka, na huyu huyu mama akatamka kwamba mkono wake hauna baraka kwa mifugo, neno hilo kwa ukoo wa wafuga ng'ombe ni msumari, naye akalimeza, akaliamini, hata ndama akawa anaogopa kumshika... na kosa lilikuwa nini, soya ile aliianika mkekani pamoja na kahawa, ikakauka hadi ikalia kama kokoto, akaridhika, akaisaga, maana kwao kitu kikishakauka kimekamilika, nani angejua kwamba jua haliivishi, bwana mifugo alicheka kwanza, "dada, soya mbichi inamzuia kuku kusaga chakula, kaanga mpaka harufu ya ubichi iishe"... kumbe moto! ulikosekana moto tu, si baraka, na yeye muda wote huu anainamisha kichwa, anapanga jinsi ya kumbembeleza Rwegasira amtetee, amtetee kwa lipi, "lakini unanisikia?" "Nakusikia, Mama, banda nimejenga mimi, ndama atafutiwe pengine," sauti yake mwenyewe ikamshtua, haikutetemeka hata kidogo... Adelgunda akaanza upya, chakula cha watu, Igurwa nzima, nani, na ajabu ni kwamba safari hii maneno hayakumchoma popote, hasira anayo, tena tele, lakini aibu imekwisha, aseme, aseme mpaka achoke, kesho vifaranga vinakula hii, na asiyetaka kuviona vikikua apitie njia ya nyuma.