Bakuli la Uji la Mama Kahonzi

Watu wa Malindi walimwita Ochola mpenda vyungu, nao walimwonea, kwa maana chungu hakuwa nacho hata kimoja. Alikuwa na kauri. Sahani za Kichina za buluu, vikombe vya Kijapani vyembamba hata ukivishika juani unaona kivuli cha vidole vyako. Alivinunua kimoja kimoja miaka aliyokuwa mwangalizi wa nyumba za Wazungu, kila mmoja wao alipofunga virago kurudi kwao. Mkewe Idah alikwisha kubali yaishe. Sebule ilikuwa ya vyombo, wao walikuwa wapangaji tu.

Katika vyote hivyo, kilichomnyima raha ni bakuli moja la Kijapani lenye samaki wawili wekundu na ukingo wa dhahabu. Lilitengenezwa pamoja na pacha wake, na pacha huyo hakuwepo. Basi siku moja akaenda Jilore kununua mkaa kwa mkulima mmoja, Kahindi, akamkuta mama yake Kahindi, Mama Kahonzi, amekaa kibarazani anakunywa uji, na ndani ya uji wale samaki wanachungulia. Kumbe marehemu mume wa Mama Kahonzi alikuwa mpishi katika nyumba ile ile Ochola alikotoa lake, akapewa hilo siku alipoagwa.

Akaomba kulinunua. Mama akakataa kwa upole, akasema mumewe alikula humo na yeye atakula humo mpaka aondoke. Ochola akamvuta Kahindi pembeni, naye Kahindi akamwambia kwamba bakuli ni la mayo, mama yake, na siku akiondoka, lina mahali pake. Tamaa inaziba masikio jamani. Ochola alisikia ahadi. Hakuuliza mahali hapo ni wapi.

Tangu hapo akawa mtu mwema, wema wa kutia shaka. Kila Jumamosi pikapu yake iko Jilore. Kijiko cha chuma kilikuwa kinakwangua dhahabu ya ukingo, roho ikamuuma, akamletea mama kijiko cha mti. Akamletea na kitambaa kinene cha kuweka mezani, bakuli lisigonge mbao. Uji ukiisha hakumwachia mtu. Alilichukua mwenyewe akaliosha kwa maji ya uvuguvugu, kidole kikipita ukingoni polepole. Wakaza wana wa mama wakabaki kutazamana, mwanamume mzima na ndevu zake. Mama Kahonzi alicheka mpaka machozi.

"Wanangu nimewazaa mimi," alisema, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kunioshea bakuli."

Ochola akainamisha kichwa. Kisha akamuuliza kifua kinaendeleaje, maana mama alikuwa na kikohozi, na Ochola alikisikiliza kikohozi kile kama mkulima anavyosikiliza ngurumo za mbali. Alikuwa anasubiri afe. Nalisema mimi, kwa sababu yeye neno hilo hakulitamka hata moyoni mwake. Alijiambia anamjulia mzee hali.

Mvua za masika zilipokolea, Kahindi akapiga simu asubuhi. Mayo amebanwa na kifua, hawezi kulala wala kukaa, magari hayaingii kwa matope ila lile la Ochola lililozoea njia. Aje amchukue ampeleke hospitali Malindi. Pikapu ilikuwa uani, nzima, imejaa mafuta. Ochola akafungua mdomo kusema anakuja, akasikia mdomo unasema betri imekufa.

Alisema atatafuta fundi. Hakutafuta. Akakaa sebuleni mbele ya bakuli lake, mikono katikati ya magoti, na Idah alipomuuliza nani kapiga simu alijibu ni mtu wa mkaa. Mara mbili alishika ufunguo, mara mbili akauweka. Adhuhuri Kahindi akapiga tena. Walimpakia mama kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mwanawe, wamefunikwa turubai, naye akakata roho njiani amemwegemea mwanawe.

Ochola alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Lakini siku ya mazishi, kabla ya kuwasha gari, aliweka kiti cha mbele boksi lililojaa pamba.

Alipofika, watu wakampisha kama mtoto wa nyumba. Kahindi akauliza habari ya betri. Ochola akadanganya tena kwamba bado, amesukumwa na majirani ndipo akaja. Wakamzika mama. Udongo ulipokwisha kushindiliwa, mke wa Kahindi akaja na bakuli limefungwa kwenye leso, na Ochola akasogea, mikono iko tayari.

Kahindi akatoa mfukoni msumari mrefu na nyundo.

"Kwetu chombo cha marehemu hutobolewa, kikawekwa juu ya kaburi lake," akamwambia. "Asile nacho mtu mwingine. Kazi hii ni ya mtoto. Mayo alisema uifanye wewe, kwa sababu wewe ndiye unayejua kulishika."

Ochola akatazama huku na huku. Wote walikuwa wanamtazama kwa upendo, hata wale wakaza wana. Akapiga magoti, akalifudikiza bakuli kwenye udongo laini, akaweka msumari katikati ya kitako. Alijua pa kugonga lisipasuke vipande, na mkono ukagonga pale pale. Tundu likatoka safi, kati ya samaki wawili. Akaliweka kichwani pa kaburi.

Kahindi akamsindikiza mpaka kwenye gari, amemshika mkono. Akaona boksi la pamba, hakuuliza.

"Pale kwenye pikipiki alikutaja," alisema. "Alisema tusikulaumu. Alisema gari lingekuwa zima, Ochola angekuja."

Ochola akaingia ndani, akafunga mlango. Alitaka kuwasha na kwenda zake, lakini Kahindi alikwisha wapigia mbinja vijana waje wamsukume ndugu yao, betri yake mbovu. Wakaja kutoka kaburini, mikono ina udongo, wakajipanga nyuma ya pikapu, Kahindi katikati yao. Wakasukuma. Matope yakawafika magotini, wakasukuma. Na yeye amekaa mbele, kakanyaga klachi, ufunguo uko mkononi, anawasikia wakihema, na hathubutu kuuzungusha.