Karanga Alizozilowesha Baba Ruthu

Mimi hasira zangu ziko karibu, Chamwino nzima inajua. Lakini siku ile nilipofungua gunia la karanga nikakuta lina joto, nilikaa chini kwanza.

"Nilizilowesha, Mama Ruthu," mume wangu Batholomeo alisema, ametabasamu kama bwana harusi. "Maganda yamelainika. Sasa vidole vyako vitapumzika."

Vidole vyangu vimevimba viungo, huu mwaka wa pili. Kila Jumapili yeye ndiye anayenifunga vifungo vya gauni mgongoni. Aliponiona nabangua karanga huku nimeuma meno, alingoja nitoke, akamwagia maji gunia zima na kulifunga vizuri siku tatu. Mapenzi ya mzee huyu yataniua.

"Unajua zilikuwa za nani?" niliuliza.

Alijua. Binti yetu Ruthu angekuja Jumapili kutoka Makole kuchukua karanga za uji wa Hilda, mjukuu wetu, aliyeanza kula juzi juzi tu.

Nilibangua moja mbele yake. Punje ilikuwa na vumbi la kijani. Nikamweleza alivyotueleza bwana shamba: vimbegu vya kuvu hutoka shambani pamoja na udongo, havionekani, na ganda likiwa kavu hulala tu hapo juu. Vikipata maji na joto vinaamka. Vinavimba, kila kimoja kinachipua kiuzi chembamba, kiuzi kinatafuta ufa, kinaingia hadi kwenye punje, kinakula na kuacha sumu.

"Tuchambue basi," alisema kwa sauti ndogo. "Nzuri zipo nyingi."

"Nzuri kwa macho tu, Baba Ruthu. Sumu hiyo haitoki kwa kuosha wala kukaanga. Utampa Hilda?"

Alichukua jembe, akachimba shimo refu nyuma ya nyumba, akazifukia zote, hata kuku wasipate. Nilimwona anajifuta macho kwa mkono wa shati, na hasira zangu zikaniishia pale pale. Nampenda mno mjinga huyu.

Lilikuwa limebaki debe la mbegu, kavu, ukilitikisa punje zinacheza ndani ya maganda. Akalivuta miguuni pake.

"Za kupanda tutaomba kwa watu," alisema. "Mtoto ale."

Maisha yake yote hajawahi kubangua karanga. Jumamosi nzima alikaa kwenye kigoda akibangua na kuguna, na nilipotaka kumsaidia alisogeza ungo mbali nami.

Jumapili asubuhi karanga za Hilda zilikuwa tayari mezani, kavu na safi. Nikavaa gauni, nikamgeuzia mgongo kama kawaida, nikasubiri. Kifungo kilimponyoka, kikamponyoka tena. Nilipogeuka nikaona vidole gumba vyake vimechubuka hadi nyama.

"Kimekataa," alisema kwa aibu.

Nikajitupia kitenge mabegani, tukaenda kanisani hivyo hivyo, gauni liko wazi mgongoni.