Shikamoo Kabla ya Busu

Mwanamke ninayempenda alikuwa hakubali busu kabla hajaamkiwa. Na siyo mambo vipi wala habari za leo. Alitaka shikamoo, tena niitoe nimeinama kidogo, ndipo aitikie marahaba kwa sauti ya mtu anayepokea haki yake, ndipo barakoa itoke usoni, ndipo mengine yafuate. Umri wetu ulikuwa mmoja, ukiacha ile miaka mia na ushei aliyokuwa amekaa sijui wapi. Nilimwambia shikamoo wanapewa wakubwa. Akasema, "Basi si ndiyo?" na hakuona kama pana jambo la kujadili.

Mimi naitwa Chiku, mtu wa Tanga. Hapa Johannesburg napamba maharusi: napaka hina na piko, nasugua singo ya kulainisha ngozi, nafukiza nguo udi mpaka bibi harusi akipita nyumba nzima inukie. Wateja wangu ni Waswahili wenye nazo, wale wa Houghton na Sandton, wenye geti linalofunguka lenyewe na mfanyakazi wa kukuelekeza mlango wa nyuma. Mwenyewe napanga chumba cha uani huko Observatory, na ukuta wangu mmoja nauchangia na Jeannine, msusi kutoka Lubumbashi, ambaye pua yake haipitwi na kitu.

Nyanya yangu alipofariki niliachiwa chetezo cha fedha na kijaluba cha udi wa zamani, mweusi, mgumu kama kokwa ya tende. Alikuwa akinisimulia kwamba mkubwa mmoja wa ukoo wetu alikuwa kijakazi katika nyumba ya mabwana huko Unguja, na siku alipoachwa huru alipewa vitu hivyo kwa heshima. Udi ule usichomwe ovyo, alisema. Nikauchoma ovyo. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile, chumba kinanuka dawa ya nywele ya Jeannine, nami nilikuwa nimechoka. Moshi ulipanda, na badala ya kutawanyika ukajikusanya ukingoni mwa kitanda changu, ukakaa. Ulipomaliza kukaa ulikuwa mwanamke: suruali ya marinda, barakoa iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu, mitalawanda ya mbao miguuni, hina hadi viwikoni. Hakuuliza yuko wapi wala mimi ni nani. Alikitazama chetezo juu ya jiko langu la gesi, akasema, "Kumbe kiko hapa. Kijakazi wetu alikiiba."

Huo ukawa ugomvi wetu wa kwanza. Nyanya alisema tulipewa, yeye, Bibi Nusaiba kama alivyojiita, anasema kiliibwa, na mimi nimesimama katikati na kibiriti mkononi, nimekasirika kwa niaba ya mtu aliyezaliwa kabla Johannesburg haijawa mji.

Sasa utaniuliza nilimpendea nini. Hata mimi nilijiuliza, tena mara nyingi, nikiwa naokota nguo zake sakafuni. Nilimpenda kwa sababu alijua kusikiliza. Alikaa ameegemea mto wangu, macho yamenitulia, namsimulia habari za maharusi na mama zao na vita vya mashangazi, naye anacheka mpaka mitalawanda inamvuka. Kisha akinisimulia yeye: nyumba yao ya ghorofa, kuta zilizopangwa vioo na sahani za Kichina, mabibi wanaotembeleana na watumishi wametangulia na fanusi, na rafiki yake mmoja aliyempenda hata asiweze kulitaja jina lake, akaozwa Maskati. Nilikuwa namfungua nywele alipokuwa akisema hayo. Alikamata mkono wangu, akaunusa kwenye kifundo, akaubusu pale pale. Nilidhani midomo yake itakuwa moshi. Ilikuwa ya moto kabisa.

Kanuni ilikuwa moja na haikuwa na huruma. Kaa likiwaka na kipande cha udi kikifuka, yupo. Kikiisha, ameondoka, hata kama neno liko nusu kinywani. Na ilibidi uwe udi wake. Niliwahi kujaribu ule wa dukani, nikaambulia kikohozi. Kwa hiyo kila nilipofungua kijaluba niliona mapenzi yangu yanavyopungua, na saa zetu hizo chache yeye anazitumia kunifundisha namna ya kushika sinia.

Maana ndivyo alivyoniona. Aliniita Zafarani; Chiku, alisema, ni jina la shambani. Hakuwahi kunyanyua kikombe ambacho mtu hakumpa mkononi. Alichokivua alikiacha kianguke, akasubiri. Nikimwambia, "Nusaiba, okota," alinitazama kwa mshangao wa kweli, hana kiburi wala dharau, haelewi tu. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Angekuwa mbaya ningemfukuza siku ya kwanza.

"Unanipenda?" nilimuuliza mara moja.

"Nakupenda kuliko vyote nilivyo navyo," akajibu, kisha akashangaa kwa nini nimeondoa mkono.

Ndipo Bi Saida wa Houghton akaniita kwenye harusi ya binti yake, Samira. Nusaiba aliposikia kuna harusi ya watu wakubwa hakunipa nafasi ya kupumua. "Humu chumbani nimechoka, Zafarani. Nipeleke penye watu." Nikakubali kwa sharti moja. Akikaa, nikae naye. Mtu akiuliza mimi ni nani, aseme huyu mwenzangu.

Sikutaka atangaze mapenzi yetu, sina wazimu. Nchi hii ingetufungisha ndoa ikatupa na cheti, lakini wanawake wa Bi Saida wasingenipa tena hata mkono mmoja wa kupaka hina. Nilitaka neno moja tu, kutoka kinywa chake, mbele ya watu. Mwenzangu. Nusaiba akasema, "Neno dogo hilo," akaniahidi.

Siku ya siku nilimfukiza Samira ghorofani kwa ule udi wa kijaluba, nguo ikanukia, na mwanamke wangu akatokea nyuma ya pazia. Tukashuka ngazi pamoja. Ilibidi chetezo nikibebe mimi, kwa hiyo nilikuwa nyuma yake hatua moja, na hilo ningelivumilia. Ukumbini walikuwa wanawake peke yao, dhahabu shingoni, mishono yote mipya. Wote wakageuka.

"Eish! Huyu dada mmemtoa wapi?" mmoja akanong'ona. "Cheki hiyo barakoa."

"Wa Unguja huyo," mwenzake akajibu. "Mambo ya kizamani ndiyo fasheni sasa."

Mke wa balozi mmoja, aliyetoka Pretoria na dereva wake, alinyanyuka akampisha kiti. Nusaiba akakaa bila kushukuru, na nikaona kitu ambacho chumba changu hakijawahi kumfanyia: alichangamka. Aliwaeleza sharubati inavyotakiwa kupitishwa na nani aanze kunywa. Alimkosoa bibi harusi mkao, na bibi harusi akanyoosha mgongo. Bi Saida, ambaye mimi huniita yule wa hina, alisogeza kiti chake karibu ili asipitwe na neno.

Pembeni yake palikuwa na nafasi. Niliitazama nafasi ile, nikapiga moyo konde, nikasogea.

"Kumbe mnajuana na Chiku?" Bi Saida akauliza. "Ni nani wako?"

Nusaiba akageuka kunitazama. Naapa yalikuwa mapenzi yale macho, siwezi kumsingizia. Akanishika mkono mbele yao wote, akasema kwa fahari, "Huyu? Huyu ni kijakazi wangu. Katika wote niliopata kuwa nao, sijampenda mmoja kama huyu. Zafarani, nishikie barakoa."

Wakaangua kicheko. Walidhani anaigiza, na kwamba anaigiza vizuri. Na mimi, mtu mzima, nimevuka mipaka ya nchi na nchi kwa akili zangu mwenyewe, mikono yangu ikapokea barakoa kabla kichwa hakijakataa. Nikasimama nayo. Nikamwangalia anavyonitabasamia, hajui alichofanya, anangoja nimtabasamie na mimi. Nikatoka na chetezo hadi jikoni, nikakifunika kwa kifuniko chake, nikaondoka kwa mlango wa nyuma. Kesho yake Bi Saida alinipigia simu kulalamika kwamba mgeni wangu hana adabu, ameondoka bila kuaga.

Niliacha kuwasha. Nilikuwa nikipita mbele ya kijaluba natukana. Wiki zikaenda, Jeannine akaja kuegemea mlango wangu na kitana nyweleni.

"Weye Chiku, siku hizi sisikie tena ule moshi. Uko mgonjwa, ao bwana alikukimbia?"

"Sina bwana, Jeannine."

"Basi ni ule mwanamke mwenye kuchekaka. Ukuta iko mwembamba, ndugu yangu, na masikio mi niko nayo." Akasubiri nikane. Sikukana. "Kama unamupenda, umwite mukule. Watu wenye njaa habasikilizanake."

Kijaluba kilikuwa kimebakiwa na kipande kimoja. Jumapili mchana nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikatandika mkeka, nikajaza maji jagi nikaliacha mezani. Nikawasha.

Alikuja akakaa mkekani, chetezo karibu na goti lake kama kawaida, akanyoosha shingo kungoja aamkiwe. Sikumwamkia.

"Zafarani?"

"Hayupo mtu wa jina hilo hapa. Ulinifedhehesha, Nusaiba."

"Nilikusifu mbele ya watu! Nilisema nakupenda, jambo ambalo yule wa Maskati sikupata kumwambia hata peke yetu."

"Ulisema mimi ni mali yako."

"Kitu ninachokipenda nisikiite changu, nikiite cha nani?"

"Mimi si kitu." Sauti yangu ilikuwa imepanda, nikajua Jeannine anasikia, nikaiacha ipande. "Yule kijakazi wenu unayesema aliiba chetezo. Mkubwa wangu. Aliitwa nani?"

"Tulimwita Faida."

"Jina lake la kwao."

  Alitazama mikono yake yenye hina, na nadhani alikuwa anautafuta uso wa mtu aliyempaka hina hiyo kila siku ya maisha yake. "Sikumuuliza," akasema.

"Hiki ni kipande cha mwisho," nikamwambia. "Sitakitumia kukuokotea nguo. Tutakula, wewe na mimi, sinia moja. Na kabla ya kula utaninawisha. Hutaki, nafunika sasa hivi, na kitakachobaki nakitupa jalalani."

Akasimama. "Mimi? Mimi nimnawishe..." Hapo akakwama. Neno lililokuwa linafuata tulilijua sote wawili, na yeye mwenyewe ndiye aliyelizuia. Sikumsaidia. Nje teksi ilikuwa inapiga honi kuita abiria, mtu akapita anaburuta pipa la taka. Nusaiba alisimama muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kuuangalia moshi kwa hofu. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Jagi liko wapi?"

"Mezani."

Alinitazama nimpe. Sikumpa. Akaenda mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili, akarudi nalo taratibu. Akalitua, akavua barakoa mwenyewe, akaiweka mwenyewe. Halafu yule mwanamke, ambaye hata malaika sidhani kama wamewahi kumwona amepiga magoti mbele ya binadamu, akapiga magoti mbele yangu. Nikanyoosha mikono. Machozi yalinitoka kabla ya maji.

Hakujua kunawisha. Angejulia wapi? Maisha yake yote aliyaona maji yakija. Yanakokwenda halikuwa shauri lake, kulikuwa na mtu wa kukinga beseni. Sasa hapakuwa na mtu wa kukinga beseni. Na mimi, niliyewanawisha maharusi na mama zao mpaka najua kazi hiyo nimelala, sikulikumbuka. Nilikuwa namwangalia usoni. Alikuwa ameng'ata ulimi kidogo, anamimina kwa uangalifu wote alio nao, asinilowanishe nguo, asikimwagie kidole kimoja zaidi ya kingine.

"Yanatosha, Chiku?" akauliza.

Maji yakaingia chetezoni, makaa yakalia chsss. Jagi, lililokuwa halina tena wa kulishika, likaanguka mkekani.

Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Nilimwaga maji, nikaweka kaa jipya, nikakitoa kile kipande nikakianika juu ya moto wa gesi, lakini kilikuwa kimeungua karibu chote, kikasagika vidoleni mwangu kikawa tope. Nikapaka tope lile juu ya kaa. Lilitoa harufu ya kitu kibichi kinachoungua. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Nilimtukana, nilimwita, nikalitukana beseni lililokuwa limejikalia kwenye sinki. Jeannine akagonga ukuta kuuliza kuko nini. Nikamwambia hakuna.

Chakula kilikuwa bado cha moto, na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikarudi kukaa mahali pangu mkekani. Mikono yangu ilikuwa imelowa tena machozi na tope, si safi tena, na vidole viwili tu vya mkono wa kushoto ndivyo vilivyobaki na maji aliyonimiminia. Nilivishikilia hewani, mbali na nguo, mbali na chakula, mbali na kila kitu, mpaka vikakauka vyenyewe.