Baiskeli ya Tano

Nyumba ya Byiringiro pale Kamembe iliingiwa na wazimu siku ile Hiace ilipovutwa uani, na wazimu wenyewe ulikuwa mtamu. Gari lilikuwa limezeekea kwenye njia ya Nyakabuye, likibeba watu, kuku na magunia ya mihogo, na kwenye kioo cha nyuma bado limeandikwa TUTAFIKA TU kwa rangi nyekundu. Viti vyake viling'olewa vikapangwa barazani. Tangu hapo majirani hawakungoja kualikwa. Walikuja wakakaa kwenye viti vya abiria, wakaitazama familia ile ikijitengenezea nyumba ya magurudumu.

Mpango ulikuwa huu: ndani ya gari kiwemo kitanda cha kulala wote, jiko, tangi la maji, na mahali pa kuweka baiskeli. Likizo ya shule ikifika wataondoka Kamembe, waifuate barabara ya ziwani mpaka Gisenyi, walale popote patakapowapendeza na kushusha baiskeli popote penye njia nzuri. Zulaikha, mke wa Byiringiro, ambaye kazi yake ni ushonaji, alikuwa ameshakata kitenge cha mapazia kabla injini haijajibu hata mara moja. Akashona na foronya za magodoro. Magodoro yenyewe yalirundikwa kando ya gari, na watoto wakapigwa marufuku kuyarukia, marufuku iliyodumu mpaka mchana.

Sasa Byiringiro alikuwa fundi wa mageti, na fundi wa mageti hachori kwenye karatasi. Geti la mita tatu analichora mita tatu, kwa chaki, sakafuni. Kisha analaza vyuma juu ya mistari, anakata, anachomelea. Alikuwa na sheria mbili alizozishika barabara. Ya kwanza, kilichochorwa ndicho kinachochomelewa. Ya pili, hakuna kukanyaga mchoro. Hata kuku wa nyumba ile walijua kuzunguka.

Basi akaichora Hiace nzima kwenye saruji ya ua, kwa ukubwa wake uleule. Siku ya kupima ndiyo siku pekee watu waliruhusiwa kuingia ndani ya mchoro, tena kwa kuvua viatu na kwa kupitia mlangoni. Waliingia mmoja mmoja, Byiringiro mwenyewe, Zulaikha, binti yao mkubwa Umwali, mdogo wake Nshuti, na kitinda mimba Uwamwezi, ambaye alijifanya anafunga mlango wa chaki nyuma yake kwa nguvu zote. Wakajilaza chali kwenye kitanda cha chaki, watano kwa safu, wakitazama mawingu.

"Papa, miguu yako iko barabarani!" Umwali akapiga kelele.

"Acha ikuwe barabarani. Itatangulia kufika."

"Muko wapi sasa?" mtu akauliza kutoka barazani.

"Tuko Karongi!"

"Mutuletee samaki za sambaza!"

Zulaikha alicheka mpaka machozi yakamwingia masikioni. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu ajilaze mchana kweupe bila kuumwa, na tena mbele za watu. Alijisikia msichana. Alijisikia kwamba wakiondoka hata sasa hivi, bila gari, watafika tu.

Waliposimama kujipangusa, migongo yao yote ilikuwa na michirizi ya bluu. Ndipo Zulaikha alipotazama chini. Bluu ilikuwa chaki ya vitu vitakavyokaa mvunguni mwa kitanda, nazo zilikuwa baiskeli, zimechorwa nne. Nshuti alikuwa ameziandika majina kwa mwandiko wake wa shule: PAPA, UMWALI, NSHUTI, UWAMWEZI. Uwamwezi mwenyewe baiskeli yake ilikuwa bado na vigurudumu vya kumzuia asianguke, na vigurudumu hivyo navyo vilichorwa. Gurudumu la akiba la gari nalo lilikuwa na mahali pake. Kisha kando ya mlango, kwa chaki nyeupe, palikuwa na mraba mzuri ulionyooka: JIKO LA MAMAN.

"Papa Umwali," Zulaikha akasema, "na yangu iko wapi?"

"Yako nini?"

"Baiskeli."

Baraza zima lilicheka. Watoto walicheka. Byiringiro naye alicheka, akamshika mkewe begani.

"Weye haujue kuendesha, Maman Umwali. Baiskeli ya nini? Weye utabakia na gari. Siye tutazunguka, tukirudi njaa inatuuma, tunakuta sombe imeiva."

Alisema kwa upendo, na hapo ndipo palipouma. Zulaikha aliiona safari nzima mara moja: wenzake wanateremka kilima wakipiga mayowe, na yeye amekaa na mwiko, analinda viatu vyao. Nyumbani alipika akitazama ukuta. Huko atapika akitazama ziwa. Akakumbuka baiskeli ya kaka zake, ambayo yeye ndiye aliyeiosha kila Alhamisi jioni mpaka ikang'aa, na hakuwahi kuipanda kwa sababu mtoto wa kike hapandi. Hasira ikampanda, ila ilikuwa hasira changamfu.

"Nikijua, utanichorea?"

Byiringiro akaionyesha ile chaki ya bluu kwa kidole. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jumamosi ninakata vyuma. Ukiingia hapa uani juu ya baiskeli, peke yako, bila muntu wa kukushika, kabla niwashe mashine, ninakuchorea ya tano."

"Bote mumesikia?" Zulaikha akawauliza wa barazani.

"Tumesikia!"

Byiringiro alidhani ni mzaha. Maskini, mwanaume mzuri, lakini miaka yote hiyo ya ndoa na bado hajamjua mkewe.

Kesho yake, baada ya swala ya alfajiri, Zulaikha alikuwa uwanja wa mpira wa mtaani na mama jirani, Védastine. Védastine alikulia Uvira, ambako ardhi ni tambarare na watoto wanapanda baiskeli kabla hawajamaliza kuota meno. Aliporudi Rwanda na wazazi wake alikuta vilima, akavitukana, akapanda hivyo hivyo. Sasa alikuwa anafuata ndizi Gashonga kwa baiskeli nyeusi nzito yenye kereni ya chuma ya kubebea mzigo nyuma. Breki zake zilikufa zamani. Kusimama ni kukandamiza soli ya sandali kwenye tairi na kumwomba Mungu.

Zulaikha alikuwa amevaa suruali na juu yake gauni alilolishona usiku uliopita makusudi, lenye lastiki kwenye pindo ili mnyororo usilikamate. Kwa upande wa mavazi alikuwa tayari hata kwa mashindano.

"Panda, masheri," Védastine akamwambia, akishika kiti. "Na unisikie vizuri. Kinga, hii baiskeli, haina akili. Inaendaka kule macho yako inaangalia. Ukiangalia shimo, unaingia mu shimo. Angalia kule unataka kufika!"

Zulaikha akaitazama nguzo ya goli, kwa kuwa aliiogopa, na akaigonga katikati. Akarudi. Akaigonga tena. Mbuzi waliozoea kula majani ya golini wakaona heri wahamie nusu nyingine ya uwanja.

"Juu ya nini unaangalia nguzo?"

"Inaniangalia yenyewe!"

Walicheka mpaka wakakaa chini kwenye umande. Nyumbani Byiringiro aliuona mchubuko kwenye kiwiko cha mkewe, akauliza. Zulaikha akamjibu ni cherehani. Fundi wa mageti hakujua cherehani inaumaje kiwiko, lakini aliogopa kuonekana mjinga, akarudi kwenye vyuma vyake.

Kisha asubuhi moja, bila taarifa, mwili ukaelewa. Védastine aliachia kiti na Zulaikha akaendelea. Aliendelea! Upepo ulijaa kwenye gauni, ziwa lilikuwa linang'aa huko chini na Bukavu imelala ng'ambo, na yeye anakwenda, anakwenda, mama wa watoto watatu, akicheka peke yake kwa sauti kama aliyetekenywa. Aliwahurumia watu wote duniani wanaotembea kwa miguu. Nyuma yake Védastine alikuwa anapiga vigelegele na kukimbia. Furaha ile ilimfikisha mpaka kwenye ua wa michongoma, akaingia ndani yake, akatoka na majani kwenye kilemba na bado anacheka.

"Kukata kona sijue," alisema Ijumaa, akihesabu kasoro zake. "Kusimama sijue."

"Kuenda unajua," Védastine akajibu. "Ile ingine itakuya."

Jumamosi baraza lilijaa. Vyuma vilikuwa vimelazwa kando ya mchoro, na Byiringiro alikuwa amevaa miwani yake myeusi ya kazi. Lakini watu waliona jambo. Fundi aliyekuwa na haraka wiki nzima, leo anapangusa mashine vumbi lisilokuwepo. Akanyoosha waya. Akaukunja, akaunyoosha tena. Akapima kitanda, akasahau, akapima upya. Na kila mara aliitupia jicho barabara.

"Papa, washa basi," Nshuti akasema.

"Hii chaki imefifia," Byiringiro akajibu, akapiga magoti akakolezea mstari ambao kipofu angeuona.

Barabara ya kutoka kwa Védastine mpaka getini kwao ni mteremko. Si mkubwa. Kwa mtu anayejua kusimama ni kitu kidogo sana. Kwanza zilisikika kelele za watoto wa mtaa, kisha sauti ya Védastine ikipasuka: "Sandali! Maman Umwali, weka sandali!" Halafu Zulaikha akatokea, wima, amekaza usukani kwa mikono miwili, gauni limefura, na sandali moja imekwisha kumtoka zamani.

Aliingia getini. Byiringiro aliruka mbele ya mchoro, akatanua mikono.

"Usikanyage! Pinda! Pinda kuume!"

Kupinda hakujua, hilo tumeshalisema. Alichojua ni kutazama. Na katika ua ule mzima, wenye watu wote wale na vyuma vyote vile, macho yake yalikwenda kwenye mraba mmoja mweupe ulionyooka vizuri, mraba uliomkera tangu siku ile ya kupima. Baiskeli haina akili. Ikaenda ulikoangalia uso.

Byiringiro alijitupa pembeni. Tairi la mbele lilipita juu ya jiko, la nyuma likalifuata, yakavuka kabati, yakavuka tangi la maji, na Zulaikha akaruka kutoka kwenye kiti akatua juu ya rundo la magodoro kwa kishindo laini. Baiskeli ililala ubavu katikati ya mchoro, gurudumu la nyuma likizunguka na kufuta chaki polepole.

Kwenye ua ule alikuwa hajapata kutokea mtu aliyekanyaga mchoro wa Byiringiro, seuze kuupitia kwa mzigo wa chuma.

Zulaikha akainuka, kilemba kimemfunika jicho moja.

"Sikushikwa na muntu," alisema kabla ya yote. "Na mashine haijawaka."

Byiringiro alivua miwani. Akaitazama alama ya tairi iliyokata gari lake kutoka mlangoni mpaka kitandani. Akamtazama mkewe, akaona damu kidogo kwenye goti na meno yote nje kwa furaha. Alikuwa hajamwona hivyo tangu uchumba. Moyo wake ukalegea kabisa, na aibu kidogo ikamshika, kwa kuwa alikumbuka alivyocheka.

Akaokota chaki ya bluu, akainama mvunguni. Akapima baiskeli nyeusi ya Védastine, usukani wake na kereni yake. Akachora, akafuta. Akazisogeza nne za kwanza, akachora tena.

"Haitoshi," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Tano haziwezi kuingia mpaka jiko litoke."

"Jiko limekwisha kutoka," Védastine akasema kutoka getini, akihema, na sandali ya Zulaikha mkononi.

Baraza likalipuka. Byiringiro naye alicheka mpaka akakaa chini juu ya mchoro wake mwenyewe, kwa suruali yake ya kazi. Kisha akatambaa mpaka mlango wa nyuma, akachora jiko jipya la kukunjua, linalofunguka nje. Atakayepika atapikia peupe, akiona kila anayepita naye akionekana.

"Niandike nini hapa?" Nshuti akauliza, chaki mkononi. "Jiko la nani?"

Wote wakamgeukia Zulaikha.

"Andika: wa mwisho kufika."

Watu wakalitazama tumbo la Byiringiro. Byiringiro naye akalitazama. Uwamwezi, aliyejua vizuri kasi ya vile vigurudumu vyake, akaanza kulia kwamba yeye hajui kupika sombe, ikabidi abebwe na kuahidiwa kwamba Papa ataendesha polepole zaidi yake. Kwa milima ya Karongi, Byiringiro alisema, ahadi hiyo haina shida.

Nshuti alikuwa ameshafika kwenye baiskeli ya tano. Akaandika M, akaandika A.

"Hapana," Zulaikha akasema. "Lete chaki."

Akapiga magoti na goti lake lenye damu, akafuta zile herufi mbili kwa kiganja, akaandika ZULAIKHA. Aliandika kubwa, kwa kuwa furaha haijui kubana mwandiko, na herufi za mwisho zikavuka ukuta wa gari zikatokea nje. Byiringiro alisimama juu yake akizitazama. Alizipima kwa jicho, kama anavyopima kila kitu, na hakufuta hata moja. Kisha akavaa miwani akawasha mashine.