Kikombe Ndani ya Tangi

Mama Pacha alifika gereji asubuhi ile akiwa na lengo moja tu, kuhakikisha hachezewi rafu. Alivuta kiti cha plastiki, akakiweka mahali anapoliona lote gari la mashindano la mumewe, akakaa na pazia la mteja mapajani. Kazi yake ni kushona mapazia, na upindo wa pazia mtu anaweza kuupinda popote. Siku hiyo alikusudia kuupinda palepale, jicho moja likiwa kwenye sindano na la pili kwa wifi yake.

Habari yenyewe haikuhitaji wakili. Katika mashindano yaliyopita, mume wake akipanda mlima kwa kasi yote, gari lilikata pumzi katikati ya njia. Lililokuwa nyuma lilimkwepa kwa upana wa kiganja. Mama Pacha aliyaona yote akiwa amesimama na watazamaji, na tangu siku hiyo akisikia gari linanguruma barabarani huacha kushona na kutoka nje kutazama. Alimwambia mumewe hivyo bila kuzungusha maneno. Baba Pacha ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatimiza. Alimpa ahadi mbele ya dada yake: dada atafunga pampu mpya ya mafuta, Jumamosi watalijaribu gari na Mama Pacha akiwa ndani, na likikohoa hata mara moja, linauzwa.

Kwa hiyo Mama Pacha hakuwa na haja ya ugomvi wala machozi. Alihitaji kikohozi kimoja, basi.

Fundi alikuwa huyo huyo dada mtu. Gerejini wanamwita Nati, kwa kuwa ni mfupi, ameshiba, na akishakaza jambo halilegei.

"Umekuja kunisimamia, wifi?" Nati aliuliza huku akichomoa waya wa betri.

"Nimekuja kushona."

"Haya. Ukimaliza pazia kuna tairi pale lina tundu, nalo ulitie kiraka."

Nati aliacha milango yote minne wazi, akaweka mtungi wa kuzimia moto karibu na mguu wake, akaamuru simu zote zibaki mezani. Kisha akang'oa kiti cha nyuma. Chini yake palikuwa na mfuniko wa duara, na mfuniko ulipofunguka harufu ya petroli ilijaa gereji nzima. Mama Pacha alijifunika pua kwa mtandio. Kisha, bila kujijua, akasogeza kiti karibu.

"Tangi liko hapo? Chini ya makalio ya wanangu?"

"Siku zote. Hata kwenye hilo lako la kwendea sokoni."

Mama Pacha ana ugonjwa mmoja ambao waliomlea wanaufahamu vizuri: kitu kikifunguliwa mbele yake, hatulii mpaka ajue cha ndani kinafanya kazi gani. Alikuja kulinda kikohozi chake, na sasa upindo umesahaulika, shingo ameinyoosha juu ya tundu la tangi kama anachungulia chungu cha mwenzake.

Nati alitoa pampu ya zamani, kidude chembamba kilichosimama ndani ya kikombe cha plastiki cheusi.

"Hii ilitengenezewa injini ya kawaida," alieleza. "Sisi tukaifunga turbo. Injini ikawa inavuta hewa nyingi, na hewa nyingi inataka mafuta mengi. Kule mlimani injini ikaomba, pampu ikasema sina. Hayo tu, wifi. Mumeo hakukosea, na mimi sikuloga."

Pampu mpya ilikuwa nene kama kopo la maziwa. Nati aliijaribu kwenye kile kikombe, ikakataa. Akaigeuza, ikakataa. Akanuna kidogo, akachukua msumeno wa mkono, akakikata kikombe kutoka kwenye kishikizo chake, akaifunga pampu mahali pake kwa klipu za chuma, akaubadilisha na mpira wa kupitishia mafuta, akaweka ule unaovumilia kuzama ndani ya petroli.

"Na hicho kikombe kilikuwa cha nini?"

"Cha kushikia pampu. Sasa inashikwa na klipu."

Alivuta waya mpya mnene kutoka kwenye betri, kwa sababu pampu kubwa inakula umeme mwingi na waya wa zamani ungechemka. Alipowasha injini, mshale wa geji inayopima presha ya mafuta ulipanda, ukasimama wima. Nati alikanyaga, injini ikalia hadi madirisha yakatetemeka, mshale haukutikisika. Moyo wa Mama Pacha ulishuka hadi kwenye viatu.

"Hiki unakitupa?" aliuliza, akikiokota kikombe sakafuni.

"Chukua. Kawekee vifungo."

Nyumbani alikiosha kwa sabuni nyuma ya nyumba, akakianika juani mpaka harufu ikapungua. Wakati wa kukifuta ndipo alipoona tundu chini yake, dogo, lenye kilango cha mpira kinachofunguka kwa ndani tu. Alikisukuma kwa kidole, kikafunguka. Akakisukuma kutoka upande wa pili, kikagoma. Alikaa juu ya ngazi ya jikoni akakitazama. Kitu cha kushikia tu kinataka mlango wa nini?

Alijaza maji kwenye beseni, akakisimamisha kikombe ndani, upande wa kushoto, jinsi kilivyokaa kwenye tangi. Maji yaliingia taratibu kupitia kilango hadi yakawa sawa ndani na nje. Halafu akainua beseni upande wa kushoto. Maji yote yakakimbilia kulia. Beseni upande wa kushoto likabaki kavu, lakini kikombe kilikuwa kimejaa vilevile, hakikutoa hata tone. Akarudia na maji mengi: hata bila kikombe, upande wa kushoto ulibaki na maji ya kutosha. Akapunguza maji, akainua tena. Pakavu.

Baba Pacha alimkuta akiwa amelowa hadi kiunoni.

"Unafanya nini, mama watoto?"

"Naosha kikombe."

Hakusema uongo. Mumewe alicheka, akaingia ndani, naye akabaki pale na beseni lake. Alikuwa amemaliza kesi. Baba Pacha huwa anayanyonya mafuta kutoka kwenye tangi kabla ya kulikimbiza gari na kuacha kidogo tu, ili gari liwe jepesi. Mafuta hayo kidogo yakifika kwenye kona ndefu ya kushoto ya uwanjani yatahamia kulia, na ile pampu mlafi ya wifi, iliyonyang'anywa kikombe chake, itanyonya upepo. Gari litakohoa. Na uwanja wa majaribio ni tambarare, hauna mtaro wala gari la nyuma, kwa hiyo hakuna atakayeumia. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza.

Akanyamaza. Ila kunyamaza kwenyewe kulimtesa, na si kwa sababu ya dhambi. Upindo wa mapazia ulienda kombo siku hizo kwa sababu kila akishika sindano alijiuliza kama kweli maji ya beseni na petroli ya tangi vina tabia moja. Alitaka sana kujua.

Jumamosi uwanja ulikuwa mtupu. Baba Pacha alimfunga mkewe mkanda mwenyewe, akauvuta mpaka akahakikisha umekaza.

"Unaogopa?"

"Naogopa," alisema Mama Pacha, na ilikuwa kweli tupu.

"Ukisema simama, nasimama."

Nati alibaki kando ya uwanja, mikono kiunoni. Gari likaondoka. Kiti kilimsukuma Mama Pacha mgongoni kwa nguvu ambayo hakuwahi kuiona maishani, pumzi ikampotea, na ilipomrudia ilirudi na kicheko. Alicheka kwa sauti, mdomo wazi, wala hakujua anacheka nini. Akakumbuka kilichomleta, akakaza macho kwenye geji. Mshale ulikuwa umesimama wima.

Kona ya kushoto ikaja. Baba Pacha aliingia akiwa amekanyaga. Mama Pacha aliona mshale ukitetemeka, ukaanguka, na injini ikakohoa: mara ya kwanza, mara ya pili, gari zima likashtuka kama mtu aliyepaliwa.

"Nilijua!" alipaza sauti, akapiga magoti yake kwa viganja. "Ni kikombe! Mafuta yamekimbilia kulia!"

Baba Pacha aliondoa mguu, akaliacha gari lijiendee hadi likasimama mbele ya dada yake. Mama Pacha alishuka kabla vumbi halijatua, na hapo hapo akaeleza yote: kilango, beseni, mafuta kidogo, pampu inayonyonya upepo. Mikono yake ilikuwa tangi, mikono yake ilikuwa kona. Nati alimsikiliza hadi mwisho. Akapiga magoti, akachungulia mahali tangi lilipo, akainuka polepole.

"Kilango," alisema. "Na mimi nikakikata kwa msumeno. Wifi, ulijua lini?"

"Jumatano."

"Na ukapanda hivyo hivyo?"

"Ningejuaje kama niko sahihi?"

Baba Pacha alikuwa amevua glavu zake, anazikunja moja ndani ya nyingine. Hakuwa amenuna wala hakumlaumu mtu.

"Basi," alisema. "Nilikupa ahadi. Limekohoa, linauzwa."

Ndicho alichokuwa anakitaka. Alikuwa amekingoja tangu siku ya mlima, na alidhani kikija atalala usingizi wa mtoto. Badala yake alijikuta ameushika mlango wa gari.

"Subiri kwanza. Tukirudisha kikombe..."

"Hatukusema habari za kikombe. Tulisema hata mara moja."

Na angeliuza kweli, huyu. Lingeenda kwa mtu asiyejua lolote, naye Mama Pacha angekaa na mapazia yake mpaka uzeeni bila kujua kama kona ile ingepitika. Hofu ilikuwa palepale, haikuhama. Lakini sasa ilikuwa imepata mwenzake, na mwenzake huyo alikuwa anacheka bado tangu pale kiti kilipomsukuma.

"Sawa," alisema. "Niuzie mimi."

Nati aliinama ghafla kukagua tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote.

"Wewe?" Baba Pacha aliuliza.

"Ulisema linauzwa. Hukusema kwa nani."

"Ulifanyie nini?"

"Wifi atanitafutia kikombe kikubwa kinachoienea pampu yake. Na tangi litakuwa linajazwa, hayo mambo ya wepesi ukayatafute kwenye tumbo lako. Kisha nitaendesha mimi, na wewe utakaa pale nilipokaa, ujue kinachompata mtu anayekutazama. Ukishajua, ndipo tutazungumza habari za mashindano."

Baba Pacha alimkabidhi ufunguo, akazunguka mbele ya gari, akaketi kwenye kiti cha abiria, akautafuta mkanda. Aliuvuta, akaukagua, kisha akauvuta tena.