Mvua ya Ukaguzi

Kila Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, kabla ya paredi, walimu wa shule moja ya msingi huko Kakuma waliweka madaftari yao ya maandalio ya masomo juu ya meza ya Mwalimu Ekidor, naibu wa mwalimu mkuu, naye akayapiga muhuri huku akinywa chai ya rangi. Ya wengine aliyapiga muhuri bila kuyafungua. La Mwalimu Estelle Nabintu alilifungua, akasimama, akalisoma kwa sauti.

Alilisoma kwa lafudhi ya Bukavu, kwao Estelle huko Kongo, ambayo hakuijua vizuri, lakini alijitahidi. Estelle alifundisha darasa la nne lenye watoto mia moja arobaini na watatu, na alikuwa mwalimu wa posho, yaani mkimbizi aliyechukuliwa na shirika kufundisha bila namba ya serikali. Ekidor alikuwa na namba. Aliitaja mara nyingi, kama watu wengine wanavyotaja watoto wao waliofaulu.

Jumatatu ya tatu ya mwezi wa pili, Ekidor alifika mahali ambapo Estelle alikuwa ameandika kwamba somo halikumalizika kwa sababu chaki iliisha.

"Hii si mwalimu," alisema. "Hii ni mzigo ilishushwa na lori, ikasahaulika."

Akalitupa daftari sakafuni. Walimu wawili walicheka, na wa tatu akaangalia simu. Estelle alipoinama kuliokota, mvua ilianza kunyesha.

Ilinyesha dakika kumi na moja. Ilinyesha juu ya mabati ya shule na uwanja wake, ikakoma kwenye ua wa miiba. Punda aliyesimama nje ya ua hakulowa hata sikio. Mlinzi aliweka mitungi chini ya gata, ule mfereji wa paa, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya mlinzi mvua inaponyesha, na paredi ikafanyiwa madarasani.

Estelle hakuwa na habari na mvua. Siku hiyo hiyo alimpelekea mwalimu mkuu barua yenye ombi moja: Ekidor akomeshwe, au yeye ahamishiwe shule nyingine. Mwalimu mkuu, Bi Namuria, alikuwa mwanamke mwema, ingawa wema wake haukuwahi kumsumbua mtu yeyote. Aliisoma barua mara mbili, akasikitika kwa dhati, akaahidi kuzungumza na Ekidor, kisha akaiweka chini ya kopo la kalamu ili upepo usiipeperushe.

Aliyegundua utaratibu wa mvua ni Mwalimu Stephen wa hisabati, mtu anayependa majedwali. Ilipofika mwisho wa Machi alikuwa na kurasa tatu. Kuigiza lafudhi ya Estelle: manyunyu, dakika tano. Kumsimamisha mkutanoni wenzake wakiwa wameketi: dakika kumi. Kumfokea mbele ya watoto wa darasa lake: nusu saa, na gata moja kung'oka. Jumamosi na Jumapili hakukuwa na kitu, maana Estelle alikuwa kwake au kanisani. Kwa majaribio, Ekidor alimtukana Stephen mwenyewe, likaja vumbi tu. Stephen aliliandika hilo pia, bila kinyongo.

Jedwali lilipelekwa kwenye bodi ya shule, na barua ya Estelle ikafuatana nalo, chini kabisa ya ajenda, kwenye Mengineyo. Mwenyekiti wa bodi alikuwa Mzee Ekai, mfugaji ambaye kiangazi kilikuwa kimemlia zaidi ya nusu ya mifugo yake. Hakuwa mtu mbaya. Aliagiza Estelle aletewe kiti chenye mto.

"Mwalimu, sisi hatusemi utukanwe," alisema. "Sisi tunasema maji tu. Mbuzi yangu imebaki themanini."

"Papa Ekai," Estelle alijibu, "mbuzi yako iko makumi munane. Mimi niko mumoja."

Mzee Ekai alilifikiria jambo hilo kwa muda, kwa sababu alipenda haki. Kisha akasema ni kweli kabisa, lakini mbuzi hajui kungoja. Wajumbe waliafiki pande zote mbili.

"Na mimi nikimutukana yeye?" Estelle aliuliza.

Bodi iliona swali ni la maana, ikaruhusu. Estelle alisimama, akamtukana Ekidor kwa robo saa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kishi cha bibi yake. Alimtukana vizuri, akianzia kwenye muhuri na kuishia kwenye chai, na moyo wake ukapata nafuu ambayo haukuwa umeipata tangu avuke mpaka. Nje jua lilizidi kidogo. Katibu aliandika kwamba jaribio halikufaulu. Ekidor alisema ameumia sana, akaomba hilo liandikwe, nalo likaandikwa.

Ratiba ilibandikwa siku iliyofuata kwenye ubao wa matangazo, kati ya zamu za maktaba na mechi za voliboli. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa moja na nusu, ili maji yapate muda wa kutulia kabla ya mapumziko ya saa nne. Estelle aliombwa asichelewe.

Hakuna aliyemtendea vibaya baada ya hapo, ukimwacha Ekidor, ambaye alikuwa kazini. Walimu walimpisha kwenye foleni ya chai. Wafugaji walikuja na pikapu kutoka mbali kama Lorugum, wakapanga mitungi kando ya ua, na wanawake wao wakamletea maziwa ya ngamia na kumsalimia kwa mikono miwili.

"Ejok, mwalimu."

"Ejok nooi."

"Vumilia kidogo tu," walimwambia. Mmoja alilia pamoja naye, machozi ya kweli, halafu akafuta uso na kumuuliza kama kesho ni siku yake.

Ilipofika Mei maneno yalianza kuchakaa. Mtu akiitwa mzigo mara thelathini, anazoea. Tusi la lori sasa lilileta ukungu mwepesi ambao haukujaza hata kikombe, na Mzee Ekai alifika shuleni kuulizia kulikoni. Ekidor alikonda. Alifuatilia mafunzo kwenye simu, akatafuna tangawizi kwa ajili ya koo, na wakati wa mapumziko siku ya Jumatano akaja hadi mlango wa darasa la nne akiwa ameshika daftari tupu.

"Mwalimu, nisaidie," alisema. "Watu wananilaumu. Niambie nikuambie nini yenye itakuuma."

Lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa naye tangu wajuane. Hasira ilimpanda Estelle mpaka chaki ikavunjika mkononi.

"Tafuta mwenyewe," alisema. "Hiyo ni kazi yako."

Basi Ekidor akaenda kutafuta, kwa kuwa hakuwa mvivu. Alifungua kabati la Bi Namuria akalipata faili la Estelle, na ndani yake fomu ya kuajiriwa. Mahali pa kuandika jina la ndugu wa kupewa taarifa endapo mwalimu atapatwa na jambo, Estelle alikuwa ameandika jina la dada yake, Céline, kisha akalikata kwa mistari miwili, kisha hakuandika kitu. Ijumaa, mbele ya walimu wote, Ekidor alisoma mahali hapo. Alilisoma jina, akaisoma mistari, akauliza shule ikihitaji kupeleka mwili itaupeleka kwa nani.

Mvua ilinyesha siku tatu. Ilivuka ua. Laga ya Tarach, mto wa msimu, ilijaa kutoka ukingo hadi ukingo, mbuzi wakanywa, watoto wakaoga, na sukuma wiki ikaota nyuma ya jiko la shule bila kupandwa na mtu. Estelle alilia chooni mpaka kengele ikapigwa mara mbili. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu mabati yalikuwa yanapiga kelele sana.

Jumatatu hakwenda kwenye ukaguzi. Alichukua kibali chake cha kusafiri na nakala ya barua yake, akapanda gari la Lodwar, akaipeleka mwenyewe kwa afisa mmoja anayeshughulikia uhamisho. Afisa alikuwa kijana nadhifu, mpole. Aliisoma barua yote.

"Pole sana, madam," alisema. "Lakini uhamisho ni ya walimu. Wewe ni wa posho tu. Kwa karatasi zetu, hauko."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akamrudishia barua kwa vidole viwili. Estelle aliipokea. Juu ya paa la ofisi mvua ilianza, kwanza tone moja moja, kisha kwa nguvu. Ng'ambo ya barabara watu waliokuwa wamepiga foleni kwenye bomba lisilotoa maji tangu Alhamisi waliinua vichwa, wakabeba mitungi yao wakaja.

Afisa alisogeza mafaili mbali na dirisha. Aliwatazama watu wale, akamtazama Estelle, akamwomba akae. Chai iliagizwa.

"Hebu nione tena hiyo barua," alisema. "Sasa naona iko sawa kabisa."

Jibu lilifika Kakuma baada ya siku nne, jambo ambalo Bi Namuria hakuwahi kuliona katika miaka yake yote ya utumishi. Uhamisho ulikubaliwa, kwa manufaa ya umma. Jumatatu hadi Jumatano mwalimu angebaki Kakuma, Alhamisi na Ijumaa angefundisha katika shule moja ya Lodwar, usafiri ukiwa wa pikapu. Barua ilikuwa na majina mawili. La pili lilikuwa la Ekidor, ambaye sasa aliitwa mratibu.

Alhamisi ya kwanza waliondoka kabla jua halijachomoza. Ekidor alikaa mbele na Estelle nyuma, pamoja na mitungi. Njiani hawakuzungumza, kwani Ekidor alikuwa anatunza sauti. Katikati ya safari alinyoosha mkono dirishani akampa chupa.

"Kunywa, mwalimu," alisema. "Siku ni ndefu."

Estelle alikuwa na kiu, akanywa. Yalikuwa maji ya tangi la shule, matamu, yasiyo na chumvi hata kidogo.

Lodwar walikuta watu wamejipanga kandokando ya ua, nao wakamsalimia kwa heshima. Katika chumba cha walimu palikuwa na meza, muhuri mpya na kikombe cha chai ya rangi. Estelle aliweka mkoba chini, akatoa daftari lake la maandalio, akalifungua ukurasa wa siku hiyo, akamkabidhi Ekidor.